Uzamili wa Uhandisi Mitambo Uanzie Mwatate

Mhitimu wa uhandisi mitambo aliyeko Voi akitamani shahada ya uzamili, kitu cha kwanza anachokitafuta ni orodha ya masharti. Haimsumbui kuipata. Ni ukurasa mmoja tu: awe na shahada ya kwanza ya daraja fulani, alete vyeti na nakala za matokeo, ataje watu wawili au watatu watakaomwandikia barua za mapendekezo, alipe ada ya maombi. Yote hayo hukusanywa kwa wiki moja, hata kama cheti cha kidato cha nne kimehifadhiwa katika sanduku la mama kule Wundanyi.

Chini ya ukurasa huo, kwa maneno machache, huandikwa kwamba mwanafunzi atafanya utafiti na kuandika tasnifu. Uzamili wenyewe uko hapo. Mitihani haiwatishi sana vijana wetu. Wameifanya tangu darasa la kwanza. Wanapokwama ni mwaka wa pili, vipindi vimekwisha, wenzao wamerudi kazini, na msimamizi anawauliza swali jepesi kabisa: unataka kujua nini? Hapo ndipo miezi huanza kupita, na ada ya kila muhula inaendelea kudaiwa.

Ninachosema leo ni kwamba utaratibu upinduliwe. Swali litangulie, fomu ifuate. Na kwa mtu wa Taita Taveta hilo linawezekana kuliko anavyodhani, maana kaunti hii ambayo wageni huijua kwa ndovu wa Tsavo na vito vya thamani imejaa mitambo, na mitambo hiyo ina maswali yanayostahili kukaliwa miaka miwili.

Fomu na yanayofichwa na fomu

Tuanze na fomu hata hivyo, kwa kuwa haiepukiki. Vyuo vyetu vinavyofundisha uzamili wa uhandisi mitambo, kama Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT kule Juja, kwa kawaida humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya fani hiyo au fani jirani, katika daraja la kwanza au la pili la juu. Aliyepata daraja la pili la chini hafungiwi mlango. Huombwa aonyeshe uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili au zaidi baada ya kuhitimu.

Huyu wa daraja la chini ndiye ninayemwandikia hasa, kwa sababu wako wengi na wengi wao wamejikatia tamaa wenyewe. Miaka miwili aliyokaa kwenye karakana ya kiwanda cha mkonge, au akifunga pampu za visima huko Mbololo na Kasigau, ni mali. Lakini ni mali ikiandikwa vizuri. Barua ya mwajiri inayosema kijana huyu ni mchapa kazi na mwaminifu haimsaidii mbele ya kamati ya chuo. Barua inayosema alisimamia matengenezo ya pampu sita, akaweka kumbukumbu za mtetemo wa beringi, akapunguza idadi ya siku ambazo mashine zilisimama, hiyo husomwa mara mbili. Mwombe mwajiri wako nafasi ya kuketi naye mnapoiandika. Si dhambi kumkumbusha ulichofanya.

Mwenye shahada ya teknolojia ya uhandisi, tofauti na shahada ya uhandisi, asome masharti kwa makini zaidi na aiulize idara kwa maandishi kabla hajalipa chochote. Vyuo vingine humpokea kwa kumwongezea kozi za kujazia mapengo, vingine havimpokei. Na hapa pana jambo ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha: uzamili haumfanyi mtu mhandisi mbele ya sheria. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliiunda Bodi ya Wahandisi nchini, EBK, na bodi hiyo huanza kwa kuiangalia shahada ya kwanza. Msingi huo usipotambuliwa, uzamili ulio juu yake hauubadilishi. Wale wa teknolojia wana bodi yao, KETRB, iliyotokana na sheria ya mwaka 2016. Kijana anayetaka kutia sahihi michoro kama mhandisi mtaalamu atahitaji pia miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi, awe na uzamili au asiwe nao. Nimeona ni afadhali lisemwe mapema, kabla mtu hajauza ng'ombe.

Mwaka wa kwanza ni wa madarasa. Mwanafunzi husoma hisabati ya juu na mbinu za kukokotoa kwa kompyuta, mbinu za utafiti na takwimu, kisha masomo ya tawi alilochagua: uhamishaji wa joto na mtiririko wa vimiminika kwa mmoja, mekanika ya vitu vigumu na sayansi ya mata kwa mwingine, uzalishaji viwandani au mifumo ya udhibiti kwa wa tatu. Alama ya kupita hupanda, kwa kawaida kutoka 40 aliyoizoea hadi 50. Kwa mtu wa Voi tatizo la mwaka huu si ugumu wa masomo, ni umbali. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300. Treni ya SGR iliyozinduliwa Mei 2017 husimama Voi na imepunguza uchovu wa safari, lakini haimwezeshi mtu kuwa darasani Juja jioni na kazini Mwatate asubuhi. Mwaka huo inabidi uombe likizo au uache kazi, na familia iambiwe wazi.

Fundi na mtafiti mbele ya mashine moja

Sasa twende kwenye tasnifu, na ili tusizungumze hewani, twende Mwatate.

Mkonge ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo yalikuja mashamba makubwa ya Tanga, na mmea ukaenea hadi kwetu, ambako shamba la Teita Sisal limetanda pande zote za barabara ya kwenda Taveta. Kiini cha kiwanda cha mkonge ni mashine ya kukwangua majani, ambayo wenzetu wa Tanga huiita korona. Majani hulazwa kingamo juu ya mkanda, yakapelekwa hadi kwenye ngoma ya chuma inayozunguka kwa kasi. Ngoma hiyo ina mapanga butu. Hayakati, yanaponda na kukwangua nyama ya jani dhidi ya bamba lililo mkabala, huku maji yakimiminwa bila kukoma. Upande mmoja ukishabaki nyuzi tupu, jani hubanwa upande huo na upande wa pili ukapitishwa kwenye ngoma nyingine. Nyuzi hutoka zikiwa na rangi ya kijani hafifu, zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinapangwa kwa madaraja, zinashindiliwa kuwa marobota ya kilo 250.

Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na makapi. Na ndani ya makapi hayo mna nyuzi fupi zilizokatika, ambazo ni hasara ya wazi.

Fundi wa mashine hii ana ujuzi usiodharaulika. Nafasi kati ya panga na bamba ikiwa pana mno, jani halisafishiki, nyuzi zinatoka na uchafu wa kijani. Nafasi ikiwa finyu mno, nyuzi zinakatika na kwenda na maji. Yeye hulijua hilo kwa sikio na kwa kuangalia kinachotoka. Mlio ukibadilika anasimamisha mashine, anakaza, anawasha tena. Mashine inafanya kazi, kiwanda kinaendelea.

Mwanafunzi wa uzamili anasimama mbele ya mashine ile ile na kuuliza mambo ambayo fundi hana muda nayo. Nafasi hiyo ni milimita ngapi hasa? Ikiongezwa kwa nusu milimita, nyuzi zinazopotea kwenye makapi zinapungua kwa gramu ngapi kwa kila kilo ya majani? Jibu hilo ni lile lile ngoma ikizunguka polepole? Ni lile lile kwa jani lililokatwa leo asubuhi na lililolala shambani siku mbili? Umeme unaoliwa kwa kila tani ya nyuzi unapanda au unashuka?

Hapo ndipo ule mwaka wa darasa unapolipa. Ukibadilisha nafasi, kasi, maji na umri wa jani kwa pamoja, hutajua kipi kilileta nini. Ukibadilisha kimoja kimoja, utamaliza miaka mitano na mkonge wote wa Mwatate. Takwimu zinafundisha namna ya kupanga majaribio machache yanayotoa jibu la vyote vinne. Kisha unachukua nyuzi kutoka kila jaribio, unazipeleka maabara, unazivuta moja moja kwa mashine ya kupima nguvu hadi zikatike, unaandika kila thamani. Si nyuzi tatu. Ni makumi kwa makumi, kwa sababu nyuzi za mmea hazifanani, na wastani wa vitu visivyofanana haufai kitu kama hukueleza vinatofautiana kiasi gani.

Mwisho wa kazi hiyo unakuwa na mchoro wa mistari na maelezo ya kwa nini mistari imepinda ilivyopinda. Mtu wa kiwanda cha Kibwezi, au Vipingo, au Hale huko Korogwe, ambaye hajawahi kukanyaga Mwatate, anaweza kuuchukua mchoro huo na kurekebisha mashine yake. Ujuzi wa fundi ulikaa masikioni mwake na utastaafu pamoja naye. Wa tasnifu umeandikwa, una vipimo, na mtu yeyote anaweza kuurudia ili aone kama ulisema kweli. Hiki ndicho kinachodaiwa na chuo kinaposema utafiti, na ndiyo maana siamini kwamba mtu aliyeishi karibu na mashine yuko nyuma ya mwanafunzi wa mjini. Yuko mbele, ila hajaambiwa.

Na makapi yenyewe je? Huko Hale kulizinduliwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na makapi ya mkonge. Kuangalia hesabu ya joto na nishati ya mtambo wa aina hiyo kwa hali ya hewa ya Mwatate, ambako maji ni haba kuliko Tanga, ni tasnifu nyingine nzima.

Nitoe mfano wa pili, kwa wasio na uhusiano na mkonge. Kila mtu aliyepanda matatu kutoka Wundanyi kuteremka Mwatate anajua ile harufu ya breki zilizopata moto. Tufanye hesabu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Matatu iliyojaa abiria ina uzito wa tani 3 hivi. Tukikadiria kwamba inashuka mita 500 kutoka juu hadi chini, nishati inayopaswa kuondolewa ni kilo 3,000 mara 9.8 mara mita 500, ambazo ni jouli milioni 14.7. Nishati hiyo yatosha kuchemsha lita 44 za maji yaliyoanza na nyuzijoto 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na msuguano wa magurudumu, na injini ikiwa dereva ameweka gia ndogo. Inayobaki huingia kwenye vyuma vichache vya breki ambavyo vyote pamoja mtu mmoja anaweza kuvibeba.

Sasa uliza: inayobaki ni kiasi gani? Dereva anayeshuka kwa gia ya pili na anayeshuka kwa gia ya nne wanatofautiana kwa nyuzijoto ngapi kwenye breki? Pedi za bei nafuu zinazouzwa madukani zinapoteza mshiko zikifika joto gani? Vipimajoto vidogo vya kufunga kwenye breki si ghali. Gari moja, dereva mmoja makini, kilomita chache za barabara, na kompyuta ya kuiga mtiririko wa joto katika chuma. Kazi hii ingempa mtu shahada, na ingewapa polisi wa barabarani na wenye magari kitu cha kushika mkononi badala ya kusema tu kwamba ajali ni za uzembe. Mimi ningefurahi kuisoma kuliko nyingi ninazoziona kwenye rafu.

Yaliyobaki nitayataja kwa kupita. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, hupeleka maji hadi Mombasa, kilomita zipatazo 220, kwa mteremko wa ardhi bila kusukumwa na pampu, na Voi pia hunywa humo. Hali ya ndani ya bomba la umri huo na msuguano wake ni somo la mtu wa vimiminika. Maungu pana kituo cha pampu cha bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, urefu wa kilomita 450. Reli ya zamani na ya sasa zote zinapita hapa, na ile ya Voi kwenda Taveta ilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuanzia mwaka 1915. Magurudumu ya treni hulika, na namna yanavyolika hupimika. Halafu kuna tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974, ambacho wachimbaji wadogo hukitoa kwa kompresa na nyundo za hewa zisizo na mtu wa kuzipima, na ambacho ukataji wake ni suala la kasi ya sahani, ukubwa wa chembe za almasi na joto. Mengine utayaona mwenyewe ukifumbua macho njiani.

Msimamizi, vibali na jarida

Swali likishapatikana, linahitaji mtu wa kulilea. Msimamizi ndiye sharti kubwa la pili ambalo orodha hailielezi. Kwa kawaida huwa wawili, na wote wapaswa kuwa na uzamivu. Usisubiri upangiwe. Soma walichoandika wahadhiri wa idara, uone nani anashughulika na joto, nani na mata, nani na mashine za kilimo. Mwandikie barua fupi: wewe ni nani, umeona tatizo gani na wapi, umeshapima nini, unafikiri kipimo gani kinakosekana. Weka na picha ya mashine. Mhadhiri anayepokea kila wiki barua za watu wanaosema wanapenda uhandisi atasimama kwenye barua ya mtu aliyepima nafasi ya mapanga kwa feela geji na kuandika alichokiona.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa hapa. Kilikuwa chini ya JKUAT hadi kilipopewa hati yake mwaka 2016, na kimejijenga hasa katika madini, kikiwa na kituo cha umahiri cha madini, mazingira na rasilimali kinachoendeshwa pamoja na chuo cha HTW Dresden cha Ujerumani kwa msaada wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo. Hata ukisajiliwa Juja au Nairobi, hakuna kinachokuzuia kuomba msimamizi wa pili awe wa hapa nyumbani, mtu anayeweza kufika kiwandani akaona unachofanya. Chuo cha Coast Institute of Technology kilichoko Voi kina walimu wa karakana, na kipande cha chuma cha jaribio kitachongwa kwenye mashine ya kerezo ya jirani haraka kuliko ukienda nacho Nairobi.

Kutoka hapo kuna safari ya karatasi. Pendekezo la utafiti hutetewa mbele ya idara. Kibali cha utafiti huombwa kwa tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kama inavyotakiwa na sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013. Ukitaka kupima kitu ndani ya mbuga, kwa mfano chemchemi za Mzima zenyewe zilizo Tsavo Magharibi, kuna idhini nyingine za wenye wanyamapori. Kiwanda nacho kitataka barua, na huenda kikataka uahidi kutotangaza siri zake. Ahadi hiyo uisome vizuri kabla ya kuitia sahihi, usije ukazuiwa kuchapisha kazi yako mwenyewe. Omba haya yote wakati ungali darasani. Anayengoja mwaka wa pili ndipo aanze kuomba barua, miezi mitatu imekwenda.

Tasnifu ikikamilika, vyuo vingi hutaka notisi ya kuwasilisha, mara nyingi miezi mitatu kabla. Husomwa na mtahini wa ndani na wa nje, kisha mwanafunzi huitwa kuitetea kwa mdomo, na karibu kila mtu hutoka na orodha ya masahihisho. Na tangu miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014, mwanafunzi wa uzamili anatarajiwa kuchapisha angalau makala moja katika jarida linalohakikiwa na wataalamu, na wa uzamivu mawili. Sharti hili limelaumiwa sana. Mimi naliunga mkono, kwa sababu linamlazimisha mtu kuitoa kazi kwenye kabati. Ila lina wezi wake: majarida yanayokubali makala ndani ya siku tatu na kudai malipo kwanza. Ukijibiwa haraka hivyo bila swali hata moja kutoka kwa mhakiki, kimbia.

Ng'ambo ya mpaka na ng'ambo ya bahari

Kijana wa Taveta anaweza kushangaa kuambiwa kwamba chuo kimoja cha uzamili kilicho karibu naye hakiko Kenya. Kuvuka Holili, kupita Moshi hadi Tengeru nje ya Arusha ni safari fupi kuliko ya Nairobi, na pale kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, yenye watu wa mata, nishati na maji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu 1973. Juja nako, ndani ya JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika inayofadhili wanafunzi kutoka nchi za bara hili. Kila mwaka tazama kama programu inayokufaa imo.

Wanaotazama mbali wajue kwamba neno uzamili halina uzito ule ule kila mahali. Marekani programu nyingi hudai krediti 30, na ukiandika tasnifu, krediti 6 hivi ni zake, zilizobaki ni kozi. Wapo wanaomaliza kwa kozi tupu bila tasnifu kabisa. Uingereza ni mwaka mmoja wa krediti 180, na tasnifu huandikwa katika miezi michache ya mwisho. Ujerumani kwa kawaida ni miaka miwili ya krediti 120 za Ulaya, na tasnifu huchukua kama muhula mzima. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, ila ubalozi utataka kuona kwamba una pesa za kujikimu. Freiberg, chuo cha madini kilichoanzishwa mwaka 1765, kiko Saxony, jimbo moja na ile Dresden inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Popote uendako, ukirudi cheti chako kitapelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kitambuliwe, kwa hiyo thibitisha kabla ya kuondoka kwamba chuo hicho kinatambulika kwao.

Pesa ni kikwazo cha kweli na sitakifanya kidogo. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa uzamili pia, DAAD hufadhili, na baadhi ya waajiri hulipa nusu kwa masharti ya kurudi kazini. Lakini anayelipia mwenyewe akiwa na watoto shuleni mara nyingi hukatisha baada ya mwaka wa kwanza, akiwa amefaulu kila kozi. Kwake kila muhula unaoongezeka kwa kukosa swali, au kwa kungoja barua ya kiwanda, ni karo ya mtoto.

Ndiyo maana nadhani kaunti ina la kufanya, na si kubwa. Basari za kaunti zimewasaidia wengi wa shule za upili na vyuo, na ziendelee. Itengwe sehemu ndogo kwa ajili ya uzamili wa uhandisi, kwa sharti moja: utafiti ufanywe kwenye mtambo, bomba, barabara au mgodi ulio ndani ya Taita Taveta, na nakala ya tasnifu iwekwe Voi ambako fundi na mwenye kiwanda wanaweza kuisoma, ikiwa na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili. Kiwanda kinachonufaika kifungue mlango wa karakana na kimpe mwanafunzi kumbukumbu za mashine bila kumzungusha. Wanafunzi wawili kwa mwaka wangetosha kuanzia, mmoja wa mkonge na mmoja wa zile breki za Wundanyi.